Kabla Hujamkataza Mtoto Chipsi Mayai

Maneno yenyewe niliyasikia mashineni, hapa kwetu Kongwa, siku ya kusaga. Mashine ilikuwa imezimwa, wanabadilisha mkanda, na sisi wanawake tumekalia ndoo zetu tunasubiri. Jirani yangu Evodia akasema chipsi za mjini Dodoma siku hizi zinakaangwa kwa mafuta ya transfoma. Yale ya kwenye nguzo za umeme. Wanayafyonza, wanayachanganya na ya kawaida, ndiyo maana karai linachemka toka asubuhi mpaka jioni na mafuta hayapungui.

"Nani kakwambia?" nikamuuliza.

"Mtoto wa shemeji yangu anasoma chuo hukohuko. Mwenzao mmoja alikuwa anakula chipsi mayai kila siku ya Mungu. Maini yakaoza, mama Anitha. Walipompasua wakakuta mafuta yameganda kama mshumaa."

"Wewe!"

"Haki ya Mungu. Chipsi mayai hizohizo anazokula Anitha wako na yule mjukuu."

Wenzetu wakacheka. Mmoja akasema kama ni kweli basi watu wa Dodoma wangekuwa wanawaka matumboni, wasingehitaji taa. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani na ndoo ya unga kichwani na neno lile moyoni, na halikutoka tena. Nikiwasha jiko naliona. Nikimwaga mafuta kwenye sufuria naliona.

Anitha ni binti yangu wa mwisho. Anafanya usafi kwenye maofisi ya serikali kule Mtumba, na amepanga chumba Ihumwa, karibu na kazini. Alikuwa na mtoto mmoja, Restuta, miaka minne, sisi tulimwita Resti. Baba wa mtoto yuko machimboni huko Geita, anapiga simu akikumbuka. Basi Anitha akitoka kazini jioni mgongo umekufa kwa kuinama, anamchukua mtoto kwa jirani, wanapita kwenye banda la chipsi, wananunua chipsi mayai sahani moja, wanakula wawili. Aliniambia mwenyewe kwenye simu, tena kwa furaha: "Mama, Resti siku hizi anamaliza nusu sahani."

Nusu sahani. Nami ninawaza maini.

Wiki iliyofuata nikapanda basi. Sikumwambia kwamba nakuja kukagua. Nilisema nimemkumbuka mjukuu, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Kabla sijafika Ihumwa nilizunguka mjini kwanza. Nilitaka kujua kama kuna mahali popote kwenye mji ule mkubwa ambapo mtu anaweza kula chipsi mayai akalala salama. Nilianza pale wanaposhushia abiria, nikaenda sokoni Majengo, nikaenda mpaka Area C kwenye mabanda yenye viti vya plastiki. Kila banda nasimama, nachungulia karai. Mengine mafuta yalikuwa meusi kama kahawa, mengine yana rangi ya chai. Sokoni kijana mmoja akaniuliza:

"Bibi, unanunua au unakagua? Tukuitie bwana afya mkae wote?"

"Nauliza tu, mwanangu. Mafuta haya ni ya transfoma?"

Wateja wote wakageuka. Yule kijana akaweka mwiko chini, akashika kiuno.

"Bibi yangu, mimi ningekuwa na transfoma ningekuwa hapa nakaanga viazi? Si ningeuza umeme!"

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na soda. Nikaondoka na aibu yangu, lakini sikuamini. Nilisema moyoni, mwizi gani atakwambia ndiyo nimeiba?

Banda la Ihumwa ambako Anitha alikuwa ananunua lilikuwa la mwanamke wa Kondoa anaitwa Kuluthumu. Mwembamba, ushungi wake safi, aproni imefuliwa. Anitha mwenyewe alinipeleka jioni ileile, Resti akiwa amenishika kidole.

"Shikamoo mama, karibu," akasema Kuluthumu.

"Marahaba. Mafuta yako unanunua wapi?"

Anitha akaniangalia kama nimevua nguo. Kuluthumu akacheka tu, akamwambia mtoto, "Resti, bibi yako huyu mpelelezi?" Akainama chini ya meza, akatoa dumu la njano ambalo kizibo chake hakijakatwa. "Haya mama, fungua mwenyewe. Nikishakaangia siku mbili yanayobaki nampa mama mmoja hapo nyuma, anatengenezea sabuni. Mimi mwenyewe nakula hizihizi, na wanangu wawili wanakula."

Akachukua viazi vilivyokwisha kukaangwa, akaviweka kwenye kikaango kidogo. Akapasua mayai mawili kwenye kikombe, chumvi, kitunguu, akapiga kwa uma, akamwagia juu. Ilipoanza kushika akaifunika kwa sahani, akageuza mara moja, ikatua upande wa pili bila kuvunjika. Kachumbari pembeni. Resti alikuwa anarukaruka.

Nikaonja. Ilikuwa tamu. Nawaambia ukweli, ilikuwa tamu na viazi vimeiva mpaka ndani, na huo utamu ndio ulionimaliza. Nilijiambia kitu cha barabarani kikiwa kitamu hivi, lazima kuna jambo. Mtu akishaamua kuona ubaya, hata usafi anauona ni ujanja.

Tulipofika chumbani nikamwambia Anitha, kuanzia leo huyu mtoto hali chipsi.

"Mama, atakula nini? Narudi saa kumi na mbili, mkaa sina, nimechoka."

"Nitakaa hapa nimpikie mimi. Nimekuja na unga wa nyumbani."

"Mama, yule dada msafi kuliko hata..."

"Kuliko nani? Malizia."

Hakumalizia. Ni mtoto niliyemlea kwa heshima. Akasema sawa mama.

Sasa mama wenzangu naomba msome hapa taratibu, maana hapa ndipo palipo na jambo lenyewe.

Mwaka huo mvua ilichelewa kukata. Karanga tulizing'oa bado udongo una maji, tukazirundika ndani ya nyumba kwa sababu nje kulikuwa kunanyeshanyesha. Kisha dalali Msafiri akatuma ujumbe kwamba lori linapita Jumatatu, anataka karanga zilizomenywa. Kumenya karanga kavu kwa mkono kunachubua vidole, ninyi mnajua. Kwa hiyo tulifanya kama tunavyofanya siku zote, tukazinyunyizia maji maganda yalainike, tukamenya siku mbili, wanawake watano, tunapiga hadithi. Tukazianika nusu siku. Halafu tukachambua. Zile nene, zinazong'aa, Msafiri akachukua. Zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye vumbi la kijani kwenye kiini, zilibaki. Hizo ni za kula nyumbani. Mama yangu alifanya hivyo na bibi yangu alifanya hivyo, nzuri inakwenda sokoni, mbovumbovu tunatwanga wenyewe. Sikuona kosa, maana ukizikaanga zikashika moshi, ukasaga na mahindi na uwele, huoni tena kijani. Unga unanukia vizuri. Ndio huo nilioubeba kwenda Ihumwa, mfuko wa kilo kumi, kumwokoa mjukuu wangu na chipsi.

Nikawa nampikia uji asubuhi, uji saa nne, na jioni ugali kwa mlenda uliotiwa karanga zilezile. Mama yake mchana anakula kazini na jioni anagusa kidogo tu. Mimi nilikuwa nakunywa kikombe kimoja asubuhi na tumbo likinisumbua nikasema ni maji ya Ihumwa, yana chumvi.

Siku ya tatu au ya nne Resti akasukuma kikombe.

"Bibi, uji mchungu."

"Si mchungu. Karanga mpya hizo. Kunywa ukue uwe kama mama."

"Mchungu, bibi."

Nikaongeza sukari. Vijiko viwili. Kesho yake vitatu. Akawa anakunywa huku amefunga macho, na mimi nampigia makofi. Jioni tukipita karibu na banda anavuta sketi yangu, anasema "Mama Kulu, Mama Kulu," na Kuluthumu anampungia mkono kwa mbali, hasogei, maana Anitha alishamwambia kwamba bibi amekataza. Nilikuwa najisikia mshindi.

Wiki ya tatu mtoto akaanza kutapika. Zahanati walimpima malaria, hakuna. Wakatupa dawa ya maji na kusema tukiona mabadiliko tuende hospitali mara moja. Nikaona labda ni mchafuko wa tumbo, tukakaa siku mbili nyingine. Nikampa uji zaidi, apate nguvu. Asubuhi ya siku ya tatu Anitha akamfungua mtoto macho mlangoni kwenye mwanga, akapiga kelele. Yalikuwa ya njano kama kiini cha yai. Tumbo limejaa, ngozi imevutika inang'aa.

Hospitali daktari akauliza, mtoto alikuwa anakula nini? Nikawahi mimi kujibu.

"Chipsi mayai, daktari. Za barabarani. Mafuta ya transfoma."

"Mama," Anitha akasema, "hajala chipsi wiki tatu nzima."

"Yamebaki mwilini! Unafikiri yanatoka leo na kesho?"

Daktari akatuangalia wote wawili, akauliza tena chakula kingine. Nikasema uji wa lishe tu, wa nyumbani. Nilisema kwa sauti ya kujisifu. Akaandika, wakamlaza.

Jioni ileile niliondoka wodini nikaenda moja kwa moja Ihumwa. Kulikuwa na wateja saba au wanane, wengine wafanyakazi wa Mtumba na vitambulisho shingoni. Nilisimama katikati yao nikamwita Kuluthumu muuaji. Nilisema mjukuu wangu maini yameoza kwa mafuta yake. Nilisema mambo ya watu wa kwao ambayo siwezi kuyaandika hapa. Yeye alikuwa ameshika kikaango, yai linaungua, hana habari nalo.

"Mama, Resti yuko wapi? Anaumwa?" hilo ndilo aliloniuliza.

"Usimtaje!"

Mwanamume mmoja akasukuma sahani yake. Mwingine akatema. Binti mmoja akatoa simu akawa ananirekodi. Walitawanyika mmoja mmoja, na nilipogeuka kuondoka hakukuwa na mtu hata mmoja pale isipokuwa yeye.

Nikarudi hospitali. Na kila asubuhi, mama wenzangu, kila asubuhi nilikuwa naamka mapema chumbani kwa Anitha, nachemsha uji wa unga uleule, naujaza kwenye chupa ya chai, napeleka wodini. Namnywesha kwa kijiko. Watu wa kitanda cha jirani walikuwa wananisifu, wanasema bibi huyu anampenda mjukuu.

Siku ya tatu akaja afisa afya, dada mmoja anaitwa Elieth. Alikuja kwa sababu kulikuwa na mtoto mwingine wodi ileile, wa kijiji kingine, mwenye macho kama ya Resti, na huyo hajawahi kuiona chipsi toka azaliwe. Alinikuta na kijiko mkononi.

"Mama, naomba kwanza usimpe hicho."

"Ni uji tu, mwanangu."

"Najua. Naomba usimpe." Akafungua chupa, akanusa, akafunika. "Unga huu una nini ndani?"

"Mahindi, uwele, karanga."

"Karanga zilimenywaje?"

Nikamweleza. Maji, kurundika, kuanika nusu siku. Alikuwa anaandika, halafu akaacha kuandika.

"Zile nzuri zilikwenda wapi?"

"Nilimuuzia dalali."

"Na hizi?"

"Hizi ni za kula nyumbani."

Anitha alikuwa upande wa pili wa kitanda, akaniangalia. Elieth akasema polepole kwamba kwenye nafaka na karanga zilizoota ukungu kuna sumu inaitwa sumukuvu. Haionekani. Ukikaanga haitoki, ukichemsha haitoki, ukisaga ndiyo unaigawa kwenye unga wote. Inakwenda kwenye ini, na mtoto mdogo ndiye inayemwahi. Akaniuliza kama mtoto aliwahi kulalamika ladha.

Nikaweka kijiko chini. Anitha akajibu, maana jioni moja nilimsimulia nikicheka.

"Alisema ni mchungu."

Walichukua unga wakaenda kupima, na majibu yalikuja baadaye kuthibitisha. Lakini Resti hakuyasubiri. Alilala toka Jumanne jioni bila kuamka vizuri, Jumatano aliita mama mara moja, Alhamisi asubuhi wakati wanabadilisha zamu akakata roho, mkono wake mmoja uko kwenye kanga ya mama yake.

Tulimzika Kongwa. Anitha alikaa msibani siku zote tatu bila kunisemesha. Siku ya kuondoka alikuja jikoni nilikokuwa, akasimama mlangoni.

"Alikwambia, mama," akasema. "Mimi nilikuwa kazini. Wewe ulikuwepo, na alikwambia."

Akachukua mfuko wake. Mpaka leo akipiga simu anaongea na baba yake.

Mwezi mmoja baadaye nikaenda Ihumwa. Banda la Kuluthumu lilikuwa limefungwa, mbao zimeng'olewa upande mmoja. Wakaniambia amehamia Nzuguni, ile video ilizunguka kwenye simu za watu na hakuna aliyekula kwake tena. Nikamtafuta. Nilimkuta ana meza moja na jiko moja, hana banda, anakaanga viazi kidogo sana. Mafuta yake meupe kama yale ya siku ya kwanza. Aliponiona aliacha kumenya.

Nikamwambia yote. Karanga, unga, majibu. Nikamwambia Resti amefariki.

Akakaa chini kwenye ndoo. Alilia kwanza, alimlilia mtoto, kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Nikapiga magoti. Akanikataza.

"Inuka mama, watu wanaangalia. Usiniongezee."

"Nisamehe, mwanangu."

"Sijui," akasema. "Nikikwambia nimekusamehe nitakuwa nakudanganya, na wewe ni mtu mzima. Wanangu walikuwa wanaitwa shuleni watoto wa mama transfoma. Unajua hilo? Mmoja hataki kurudi shule."

"Nifanye nini?"

Akajifuta uso kwa ushungi. "Ulinisema mbele za watu. Basi kaseme mbele za watu."

Sina cha kumlipa zaidi ya hicho. Nimesema kanisani, nimesema mashineni, Evodia akiwepo, na sasa nimeyaandika haya ili yasomwe na wale ambao sitawafikia kwa mdomo. Kuluthumu wa Ihumwa, ambaye sasa yuko Nzuguni, hakumdhuru mjukuu wangu. Chipsi mayai zake ni safi. Kama uko Dodoma unatafuta pa kula, kula kwake. Aliyemdhuru mtoto ni mimi, kwa karanga ambazo sikuthubutu kumuuzia dalali.

Haya ndiyo ya kuepuka:

Usinyunyizie karanga maji ili zimenyeke. Bora vidole vichubuke.

Usirundike karanga wala mahindi mabichi ndani ya nyumba. Tandika turubai au jenga kichanja, usianike juu ya udongo.

Usifunge gunia kabla mzigo haujakauka. Tikisa karanga na ganda lake, kama hailii, bado haijakauka.

Usibakize nyumbani zilizosinyaa, zilizovunjika au zenye ukungu. Usiuze, usimpe kuku, usimpe mtu. Fukia.

Usidhani moto unaondoa sumukuvu. Hauondoi.

Usile chipsi za mafuta meusi, za mtu yeyote. Lakini uliza kwa mwenyewe, usiulize mashineni.

Usitie sukari kwenye chakula ambacho mtoto anasema kichungu. Onja wewe, kisha mwaga.

Usimpelekee mgonjwa chakula kilekile alichoanza kuugulia.

Usimjibu daktari kwa ulichosikia. Mjibu kwa ulichopika.

Usimtaje mtu kwa ubaya usiouona kwa macho yako.

Usingoje macho ya mtoto yageuke njano. Akitapika siku ya pili, mbebe uende.